Sura ya Saba: Shahidi wa Ndani ya Silinda

Kwa muda mrefu hukumu ya injini imekuwa ikitolewa katika gereji zetu bila ya shahidi. Gari huingia likitoa moshi wa buluu, au likishindwa na mlima ambao mwaka jana lilikuwa likiupanda bila ya kuhema, fundi huinua boneti, husikiliza, huchomoa kijiti cha oili, huifikicha oili baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, huinusa, kisha hutamka: “Mzee, injini hii imekwisha, tuishushe.” Mwenye gari, ambaye hana elimu ya kuuliza wala njia ya kuyakinisha, hutoa idhini, na kabla ya adhuhuri injini iko chini, silinda hedi iko juu ya meza, boliti zimetawanyika katika sinia la bati, na hata kama ikidhihiri hapo kwamba maradhi yalikuwa madogo na mahali pake pengine kabisa, gasketi imekwisha kuchanwa, ujira umekwisha kustahiki, na hakuna awezaye kuirudisha hali ya asubuhi.

Simtuhumu fundi kwa kusema haya. Wako mafundi, na mimi nawajua, ambao masikio yao hayakosei ila kwa nadra, na ambao harufu ya oili huwaambia mambo ambayo kitabu cha kiwanda kimeyaeleza kwa kurasa nyingi. Lakini sikio na pua, hata viwe hodari namna gani, huzaa dhana, na dhana hata ikiwa na nguvu haijawa yakini. Na mtu anayetakiwa kutoa fedha za akiba yake, au fedha za mkopo wa gari la abiria ambalo kila siku linalolala linamlia hesabu, ana haki ya kuombwa idhini kwa jambo lililothibiti. Hiyo ndiyo kadhia ninayotaka kuieleza katika sura hii, kwa sababu chombo cha kuithibitisha kimekuja, nacho ni rahisi kiasi cha kuwaaibisha wasiokitumia.

Chombo chenyewe ni kamera ya kuchungulia: waya mrefu wa mita moja au zaidi, unaokunjika ukabaki ulivyokunjwa, wenye kichwa cha upana wa milimita 5.5 au 8, na katika kichwa hicho lenzi moja iliyozungukwa na taa ndogo ndogo. Upande wa pili huchomekwa katika simu, na kioo cha simu ndicho kinachoonyesha yaliyomo. Aghalabu huuzwa pamoja na kioo kidogo cha kuangalia pembeni, ndoana na sumaku. Walio na uwezo kidogo zaidi hununua yenye lenzi mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na kwa kazi ya silinda hiyo ya ubavuni ina thamani kuliko mapambo yote mengine. Tarakimu za ubora wa picha zinazoandikwa juu ya kasha msomaji asizitegemee sana. Azingatie zaidi upana wa kichwa, ubora wa taa, na umbali ambao lenzi huona kwa usafi, ambao katika kamera hizi za bei ndogo ni sentimita chache tu.

Nasaba yake ni ndefu kuliko bei yake. Mwaka 1806 tabibu wa Kijerumani, Philipp Bozzini wa Frankfurt, alitengeneza chombo cha mshumaa na vioo cha kupeleka mwanga ndani ya mwili wa mwanadamu. Na tangu hapo matabibu walitangulia na mafundi wakafuata. Mwaka 1921, huko Philadelphia, Daktari George Crampton alitengeneza bomba la lenzi kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, iliyotaka kuona nyufa za ndani za mihimili ya mitambo ya mvuke bila ya kuikata. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany walionyesha kwamba picha yaweza kupita katika fungu la nyuzi za kioo zinazopindika. Lakini vyombo vyote hivyo vilikuwa mali ya hospitali kubwa, viwanda na mashirika ya ndege. Hakuna mwenye teksi aliyewahi kuviota. Kilichovishusha hadi katika maduka ya barabarani ni simu ya mkononi, ambayo kwa kudai kamera ndogo kwa mamilioni iliifanya kamera yenyewe kuwa kitu cha thamani ndogo, na leo bei ya chombo hiki hailingani hata na sehemu ya ujira wa kushusha injini mara moja.

Basi na tuchukue injini moja inayojulikana, tuichungulie. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KD-FTV, yenye silinda nne na ujazo wa lita 3, iliyotoka mwaka 2000, imo katika Hilux, katika Prado, na katika Hiace zinazobeba abiria kutoka pwani hadi maziwa makuu. Ni injini yenye nguvu na yenye kuheshimika, na ina maradhi yake mashuhuri. Chini ya kila nozeli kuna washa inayozuia moto wa silinda usipande; washa hiyo ikichoka, gesi ya mwako hupenya, hukutana na oili, na masizi yake huigeuza oili kuwa kitu kizito mfano wa lami, ambacho hushuka hadi katika sampu na kuziba chujio la mdomo wa pampu. Pampu ikikosa oili, wa kwanza kufa si krenki. Wa kwanza ni tabochaja, ambayo mafundi wetu huifupisha kuwa tabo, kwa maana mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika hata kwa muda mfupi, chuma husaga chuma.

Angalia sasa namna maradhi yanavyoficha asili yake. Mwenye gari huona tabo imekufa, hununua tabo. Baada ya muda mdogo nayo hufa, naye humlaumu muuza vipuri, muuza vipuri humlaumu fundi, na fundi huilaumu oili ya dukani. Ilhali sababu imelala katika sampu, haikuangaliwa na mtu. Na kuiangalia si kazi kubwa. Injini ikipoa na oili ikamwagwa, tundu la boliti ya kumwagia oili ni mlango tosha wa kamera ya milimita 5.5. Waya ukikunjwa kidogo kwenye ncha na kuingizwa polepole, taa zake huangaza sakafu ya sampu, kisha hutokeza mdomo wa pampu na wavu wake. Wavu ulio mzima huonekana vitundu vyake kimoja kimoja, vinang’aa kwa oili. Wavu mgonjwa huonekana na vipande vyeusi vilivyokwama, vingine vikubwa kama punje za pilipili manga, na pengine vitundu havionekani kabisa. Aliyeona hivyo ameokoa bei ya tabo ya pili, na huenda ameokoa injini.

Kuingia katika silinda zenyewe kunataka subira zaidi. Katika injini ya petroli mlango ni tundu la plagi, ambalo ni pana, na kazi huwa nyepesi. Katika dizeli mlango ni tundu la hita plagi au la nozeli, na tundu la hita aghalabu ni jembamba mno upande wa ndani. Kwa hiyo fundi hulazimika kutoa nozeli, na akizitoa sharti azirudishe kwa washa mpya, wala asidanganywe na washa kuukuu inayoonekana nzima. Kabla ya kufungua chochote apulize kwa upepo mchanga na vumbi lililozunguka tundu, kwa sababu kinachodondoka humo hakidondoki nje. Kisha azungushe krenki kwa mkono, kwa spana, mpaka pistoni ifike chini kabisa, ndipo ukuta wa silinda ubaki wazi.

Mtu anapochungulia mara ya kwanza hushtuka, kwa kuwa kila kitu ni cheusi na kila kitu kinaonekana kibovu. Masizi juu ya pistoni ya dizeli si ugonjwa. Linalotazamwa kwanza ni ukuta: je, michoro myembamba ya mshazari iliyochorwa kiwandani, ile inayoshika oili, ingalipo? Ikiwa ipo, hata kama gari limekwenda kilomita nyingi, ukuta huo una maisha. Ikiwa imefutika na mahali pake pamekuwa laini na kung’aa, ringi na ukuta zimelana. Na ikiwa kuna mikwaruzo ya wima, mipana, inayoanzia juu hadi chini na yenye kingo zilizochanika, hapo hakuna dua ila kuifungua injini. Silinda ya 1KD ina kipenyo cha milimita 96, maana yake lenzi ya ubavuni ikisimama katikati huwa na ukuta umbali wa sentimita 4.8, na huo ni umbali ambao kamera hizi huuona vizuri, sehemu ya chini kabisa huwa mbali zaidi na picha hufifia, basi waya ushushwe, tusiridhike na kusema kwamba “chini ni ukungu.”

Kisha linganisha pistoni kwa pistoni, kwa maana silinda moja peke yake haisemi kitu kama zisemavyo nne zikiwekwa pamoja. Pistoni moja ikiwa safi, imeoshwa masizi yake yote, ilhali jirani zake ni nyeusi, usiifurahie: pengine maji ya rejeta yanaingia humo kupitia gasketi au ufa wa hedi, na mvuke ndio unaoisafisha. Ukingo wa pistoni ukiwa na majimaji ya oili na kuoshwa pande zote, ringi zinapitisha. Alama ya nusu mwezi juu ya pistoni ni mahali ilipogongana na valvu. Na katika injini hii ya 1KD hasa, utazame kwa utulivu ukingo wa lile bakuli lililochimbwa katikati ya pistoni, kwa sababu pistoni za baadhi ya miaka zimejulikana kupasuka, na ufa huanza kama unywele. Valvu nazo zitazamwe zikiwa wazi, kwa kuzungusha krenki tena taratibu huku kamera imetolewa nje. Valvu ya moshi iliyo salama ina rangi iliyoenea sawasawa pande zote, na iliyoungua huwa na upande mmoja uliobadilika rangi, au ukingo uliomeguka.

Tabo inataka namna nyingine ya kusoma. Upande wa hewa huhitaji kulegezwa mpira wa kuingizia hewa tu, na katika gari lililo wazi tochi na jicho vyatosha. Lakini katika Hiace, ambayo injini imejificha chini ya viti, kamera huhifadhi ngozi ya mikono. Mapanga ya tabo yakiwa mazima, kingo zake za mbele ni nyembamba na zimenyooka. Yakiwa yamekula vumbi, kingo huwa butu, zenye vipindo, na zimeng’aa, nayo ni habari ya kawaida mno kwa magari ya barabara za changarawe ambayo ea klina yake imechanika, au imepulizwa mara nyingi mpaka imetoboka, au mpira wake umepasuka mahali pasipoonekana. Yakiwa na alama ya kusuguana na nyumba yake, mhimili umelegea. Utando mwembamba wa oili katika bomba la hewa usimtishe mtu, maana mvuke wa injini hupita humo. Oili iliyotuama ndiyo ya kuulizwa.

Upande wa moshi ni mgumu kuufikia, na huko ndiko kwenye mambo makubwa. Huingiwa kwa kufungua bomba la eksozi, au kupitia tundu la kipima joto pale lilipo. Sasa tia akilini kanuni hii, ambayo kwa rai yangu ndiyo faida kubwa kuliko zote za chombo hiki: mapanga ya upande wa hewa huumizwa na kitu kilichotoka nje, kama vile nati au kitambaa kilichosahauliwa katika bomba, mapanga ya upande wa moshi huumizwa na kitu kilichotoka ndani ya injini, kipande cha valvu, cha ringi, au ncha ya hita plagi iliyokatika. Kwa hiyo ukikuta upande wa hewa safi na upande wa moshi umemeguka, tabo siyo mgonjwa bali ni maiti ya pili, na marehemu wa kwanza angali ndani ya silinda moja. Anayefunga tabo mpya kabla ya kumtafuta anajenga nyumba juu ya moto. Tabo za 1KD zina pia vibati vidogo vinavyogeuka ili kuelekeza moshi. Masizi yakivigandisha gari hukosa nguvu au husukuma kupita kiasi, na watu wengi wamebadilisha tabo nzima kwa kosa ambalo lilikuwa la kusafishwa.

Lipo jambo moja ambalo kamera haiwezi: kupima ulegevu. Hilo ni kazi ya vidole. Shika ncha ya mhimili, itikise ubavuni. Kulegea kidogo ni desturi, kwa sababu beringi zake huelea juu ya oili na sasa oili haina shinikizo. Ivute na kuisukuma mbele na nyuma. Hapo usihisi kitu, na ukihisi, tabo imekwisha hata kama picha zake ni nzuri.

Na hapa ndipo inapopasa kusema kwa insafu kwamba shahidi huyu, kama mashahidi wote, aweza kusema uongo bila ya kukusudia. Lenzi iliyo karibu hukuza, na mkwaruzo usioshika ukucha huonekana kama bonde. Dawa yake ni kuingiza pamoja nayo uzi wa chuma wa unene unaojulikana, ushikiliwe nje kwa mkono, ukae karibu na alama. Mfuo wa oili huonekana kama ufa. Futa, au subiri, kisha tazama tena kwa mwanga wa upande mwingine. Na kutokuona ufa si ithibati ya kutokuwapo ufa, kwa maana masizi hufunika, na nyufa nyingine ni nyembamba kuliko uwezo wa kamera ya bei hii. Walio na injini za ndege walilielewa hili zamani: mwaka 2003 kampuni ya Continental ya Marekani iliwaagiza mafundi kwamba wanapopima shinikizo la silinda waichungulie pia kwa kamera, kwa kuwa kipimo peke yake kilikuwa kikizihukumu silinda zilizo nzima na kuziachilia mbovu. Ikiwa juu ya injini inayobeba watu angani hutakiwa mashahidi wawili, sembuse yetu, ambayo kompresheni yake hupimwa kwa geji iliyoazimwa gereji ya jirani?

Hadhari za mkono ni chache. Ufunguo utolewe na betri ifunguliwe. Injini ipoe, kwa sababu kichwa cha kamera ni plastiki na gundi. Krenki isizungushwe kamera ikiwa ndani. Kioo cha pembeni, ambacho huvalishwa tu kichwani, kikazwe au kifungwe kwa uzi, maana kikianguka juu ya pistoni mwenye kuchungulia amejitafutia mwenyewe sababu ya kushusha injini.

Na iko hadhari nyingine, si ya chuma bali ya watu. Picha husafirishwa. Mtu asiye mwaminifu aweza kumwonyesha mwenye gari ukuta uliochanika wa injini ya mtu mwingine, akamwambia ni wake. Na muuzaji wa injini za mtumba aweza kumwonyesha mnunuzi silinda safi ya injini iliyokwisha kuuzwa. Kwa hiyo picha yenye thamani ni ile iliyoanza nje, ikaonyesha namba ya injini au ya gari, ikaingia katika tundu bila ya kukatwa. Anayenunua injini iliyokuja kwa meli na kukaa juani na mvuani uani mwa duka, hasa mtaani Gerezani, Dar es Salaam, au penginepo zinapopangwa chini kwa safu, afahamu kwamba kutu hupenda silinda ambayo valvu yake ilibaki wazi, na kutu hiyo haionekani kwa nje wala haisikiki kwa kuzungusha krenki. Muuzaji mwenye mali njema hatakataa kuondolewa plagi nne; akikataa, amekwisha kutoa jibu.

Ninyi wenye magari, basi, msitoe idhini ya injini kushushwa, wala fedha ya tabo mpya, kabla hamjaonyeshwa kwa macho yenu, katika gari lenu wenyewe, silinda moja baada ya moja, pande zote mbili za tabo, na wavu wa sampu. Nanyi mafundi, nunueni chombo hiki kabla mteja hajaja nacho mfukoni.